Mashine Isiyozimwa Tangu Harusi ya Rim

Jumatatu, 18 Novemba

Ukungu alfajiri, baridi ya kukata masikio, kisha jua. Hali nzuri sana ya kuchuma zeituni. Hali mbaya kwangu.

Panya kala waya wa mizani! Si waya wowote. Ni ule unaotoka kwenye mizani kubwa ya uani, unapita dirishani na kuingia kwenye kompyuta yangu, ili trekta ikipanda mizani mimi nibonyeze kitufe kimoja na risiti itoke na uzito wake. Kiti changu kiko hapo dirishani, karibu na hita. Huu ni msimu wangu wa tatu juu yake. Kabla ya hapo nilikuwa chumba cha chupa, nagonga vizibo pamoja na Latifa, vidole vimepasuka kwa baridi. Sirudi kule. Naandika hapa ili ijulikane. Sirudi.

Mwenye kinu cha mafuta, Bwana Lamjed, au Si Lamjed kama tunavyomwita huku, kaleta waya mpya kutoka sokoni. Kauchomeka mwenyewe, kwa fahari. Kule nje mizani inawaka namba zake nyekundu. Ndani, kompyuta kimya kama bibi harusi.

Kauliza nimeharibu nini. Nimemjibu sijagusa kitu. Kasema vizuri, niendelee kutogusa, Skander ataleta mashine yake mpya. Skander ni mtoto wa dada yake, anauza simu mjini, na kiti changu anakitamani tangu mwaka jana. Nimeomba muda. Si Lamjed kazungusha tasbihi, kafikiri. Jumamosi anakuja Haji Mnakbi na matela yake yote. Mteja mkubwa kuliko wote, na kila mwaka hugombana na mizani. "Binti yangu Hayet, nataka risiti itoke mbele ya macho yake. Isipotoka, Skander anakaa hapa. Na Latifa kakuwekea nafasi kule kwenye chupa."

Jioni nimechunguza kwa utaratibu. Sababu nimeipata. Kiini cha mfumo, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na vyuma, kina vipande vingi viitwavyo moduli. Moduli moja ndiyo inayoshughulikia nyaya za aina hii, na ndani yake mna namba za nyaya inazozitambua. Namba ya waya wa Si Lamjed haimo. Unakosekana mstari mmoja tu!

Nimeuliza kwenye baraza la mtandaoni. Nimejitambulisha kama Mhandisi H. wa Sfax. Uongo mdogo. Jamaa mmoja wa Oran, kule Algeria, anayejiita Abu Nesrine, kajibu haraka: "Ndugu mhandisi, ongeza mstari wako, jenga upya moduli hiyo moja, kiini kizima kiache kilale. Unashona kifungo, hufumi koti upya."

Nimemshukuru. Simwamini. Mtu wa njia za mkato. Nitajenga kiini kizima.

Jumanne, 19 Novemba

Jua kali. Zeituni zinaingia kwa punda, kwa pikipiki, kwa matrekta. Nazisoma namba dirishani kwa kukodoa macho na kuzichapa kwa mkono. Aibu.

Kompyuta imeanza kujenga kiini tangu asubuhi. Maneno yanapanda skrini kama mchwa. Mashine imepata joto kiasi kwamba Latifa kaja kuanika soksi juu yake.

Skander kafika wakati wa chai, na futi ya kupimia. Kapima meza yangu! Urefu, upana, hadi nafasi ya miguu. Kaniuliza, "Haya, dada daktari, mgonjwa wako kaamkaje?" Nimemwambia mgonjwa anapona. Kauliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha.

Nimecheka mpaka nikakohoa. Kuizima! Mashine hii haijazimwa tangu harusi ya Rim, binti wa Si Lamjed, kiangazi kilichopita. Tuliiwasha ipige muziki uani, na tangu hapo haijapumzika. Watu wote wa uani wanajua. Si Lamjed huwaambia wateja. Nimebandika selotepu juu ya swichi yake asije mtu akaigusa. Mashine za dukani kwa Skander hujizima zenyewe mara mbili kwa siku, mteja akiwa bado anahesabu chenji. Ndiyo maana kaniambia vile. Wivu.

Alasiri ujenzi umekwama. Diski imejaa. Siku nzima ya joto na mchwa, kisha neno moja: hakuna nafasi. Nimefuta kila kilichotoka. Kichwa kinauma. Skander kaacha alama za penseli mezani kwangu.

Jumatano, 20 Novemba

Mawingu mepesi, upepo wa baharini. Sijala asubuhi.

Sawa. Njia ya mkato.

Nimepakua msimbo wa kiini kama unavyotolewa na stoo ya mfumo, lile ghala lake la mtandaoni. Nimefungua faili la moduli ya waya. Nimeongeza mstari wangu mmoja, wenye namba ya waya wa Si Lamjed, nikaukagua mara nyingi kama mtu anayekagua mchele. Kisha nimeamuru ijengwe folda ile moja tu, vingine vyote visiguswe.

Imekwisha kabla chai yangu haijapoa! Kiini kizima kilinila siku nzima. Moduli moja, glasi moja ya chai. Nimeiweka mahali pake. Nimepiga vigelegele. Latifa kaja mbio na nyundo ya vizibo mkononi, akidhani nimeposwa.

Nikaamuru kiini kiipokee moduli mpya.

Kiini kimeikataa. Kinasema toleo lake na toleo langu si moja. Nimeijenga upya. Kimeikataa. Nimebadili mahali mstari ulipo. Kimeikataa, na sasa ni kama kwa dharau. Mstari mmoja! Nimeuandika kwa usahihi! Ninaishi na kiini hiki kila siku, nakifuta vumbi, na hakinijui.

Nimetafakari kwa utaratibu. Nani kaiangalia mashine hii kwa jicho baya wiki hii? Jibu ni dhahiri. Lina futi mkononi. Nimetundika khamsa ya buluu, kile kiganja cha kukinga husuda, juu ya skrini.

Mama nyumbani kawaambia majirani kwamba binti yake ni mtu wa kompyuta kinuni. Leo kaniuliza kwa nini sili kuskusi. Nimesema nimeshiba. Siwezi kumwambia kuhusu chupa.

Alhamisi, 21 Novemba

Anga safi, baridi kavu. Wachumaji wote mashambani. Hakuna huruma.

Abu Nesrine kajibu usiku. Kaniuliza kiini kilichopo kwenye diski ni toleo gani, na kinachofanya kazi sasa hivi ni toleo gani. Nikaangalia. Si moja! Mfumo ulijisasisha wenyewe miezi iliyopita, ukaweka kiini kipya kwenye diski, lakini kinachofanya kazi bado ni kile cha zamani, cha tangu harusi. Moduli yangu nimeijenga kwa ajili ya kipya. "Ndugu mhandisi," kaandika, "kipya kinasubiri mlangoni. Kila kitu umekifanya sawa. Zima, washa, umemaliza."

Hata yeye! Sijui Skander anafahamiana vipi na watu wa Oran.

Sitaizima. Nikiizima, Skander atasema ndiye aliyenifundisha, na Si Lamjed atakuwa hana cha kuwasimulia wateja. Nimetafuta msimbo wa kiini cha zamani. Stoo haina tena, umeondolewa.

Basi hila. Latifa! Nimemwahidi makrudhi za Kairouan, zile keki za tende, sanduku zima. Kasimama karibu na mizani na ufagio, simu kaificha ndani ya ushungi, ananisomea namba nyekundu sikioni. Mimi ndani nachapa, mgongo umeelekea dirisha, mkono mmoja nanywa chai, kama vile mashine inafanya kazi peke yake. Si Lamjed kapita, kaona risiti zinatoka, kasema "Mashaallah" na kunimwagia sifa.

Mpaka adhuhuri kila kitu safi. Kisha Latifa kashikwa na baridi. Bila kuniambia kahamia nyuma ya ukuta wa jiko la mkate lililo pembeni mwa ua, ambako mizani haionekani hata kidogo. Kutoka hapo anaona lango tu. Sasa Latifa ni binti wa mkadiriaji. Baba yake ndiye huitwa na wenye mashamba kabla ya mavuno, anazunguka mti, anautazama, anataja utatoa kiasi gani, na watu wananunua zeituni zikiwa bado mtini kwa neno lake. Latifa kakulia begani kwake. Basi kila mzigo ulipoingia langoni, kautazama na kunitajia uzito. Mimi nachapa.

Mzee mmoja wa Agareb kapewa risiti akiwa bado anahangaika na punda wake langoni. Kaenda kupanda mizani, kaangalia namba nyekundu, kaangalia karatasi. Zimelingana karibu kabisa! Kavua kofia. Kapiga kelele: "Jamani! Mashine ya Si Lamjed inajua kabla haijapima!"

Habari zimeenea uani pote. Watu wamekuja kuchungulia dirishani. Mmoja kaniuliza kama inajua pia jinsia ya mtoto. Si Lamjed kampigia simu Haji Mnakbi papo hapo, nimemsikia kwa masikio yangu: "Haji, njoo uone. Haijazimwa tangu harusi ya Rim, sasa imeanza kufikiri."

Nimekaa chini.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua! Mvua ya kumiminika! Hakuna anayechuma kwenye mvua. Niliiombea usiku kucha, Mungu na wakulima wote wa Sfax wanisamehe.

Siku nzima yangu. Mpango: kuilazimisha moduli iingie kwa nguvu, kuna amri yake. Abu Nesrine kaandika nisithubutu, kiini kinaweza kuganda kizima. Nilikuwa nimenyoosha kidole juu ya kibodi.

Umeme ukakatika.

Kinu kikanyamaza, taa zikazima, hita ikazima. Kompyuta ikabaki kwenye betri ya akiba, ambayo ni nzee na ina kikohozi. Nimekimbilia jenereta. Ufunguo anao Si Lamjed. Si Lamjed yuko msikitini. Nimerudi mbio kwenye matope, kiatu kimoja kimebaki uani. Betri inalia tii, tii, tii. Nimeifunika na koti langu ipate joto. Nimemwambia Latifa aipapase. Latifa kasema, "Shoga, hii ni betri, si mtoto mwenye homa." Lakini kapapasa.

Tii ndefu. Skrini ikawa nyeusi.

Kiangazi chote, vumbi lote, msimu mzima. Nimesema inna lillahi. Nimelia, naandika bila aibu. Khamsa imebaki inaning'inia mbele ya kiza.

Umeme umerudi baada ya alasiri. Nimebandua selotepu kwa kucha, polepole, kama anayefungua kidonda. Nimewasha. Kimeamka kiini kipya. Na kimeichukua moduli yangu ya Jumatano bila kuulizwa, bila dharau, kama mtu aliyekuwa akiisubiri! Kwenye skrini: sifuri. Sifuri halisi, inayotoka mizani!

Nimemwambia Latifa akasimame kwenye mizani tujaribu. Kagoma, kasema uzito wake si habari ya serikali. Nimebingirisha pipa la mafuta mwenyewe, na kiatu kimoja. Nimerudi ndani. Namba ya nje na namba ya ndani ni moja. Nimebonyeza kitufe. Risiti!

Ni wazi sasa kwamba khamsa ilihitaji siku mbili kufanya kazi. Ningejua, ningeitundika Jumatatu. Kuzima hakukuhusika.

Nimelala mapema, tabasamu usoni. Kiti changu!

Jumamosi, 23 Novemba

Jua limetoka baada ya mvua, ardhi inanukia. Nimevaa sketi ya Idi.

Haji Mnakbi kafika na burunusi mpya, lile joho la sufu lenye kofia, trekta nne, tela nne, na wajukuu waliokuja kuona. Si Lamjed kavaa tai. Skander kaegemea mlango, futi mfukoni. Nimewaonyesha waya. Nimeeleza mstari wangu, moduli moja, kiini kizima hakikuguswa. Si Lamjed katikisa kichwa kwa heshima kama mtu anayesikiliza Kichina.

Tela la kwanza limeingia langoni. Haji kageuka kuitazama mashine. Mashine imenyamaza. Tela limevuka uani. Imenyamaza. Limepanda mizani, limetulia, nimebonyeza, risiti imetoka. Uzito sahihi kabisa! Nimempa Haji kwa mikono miwili.

Haji kaigeuza huku na huku. "Hii ndiyo yenyewe?"

Nimesema ndiyo, Haji.

"Hii imengoja nipime, kisha ikaniambia nilichopima. Hata mizani inajua hiyo. Ile ya Alhamisi iko wapi?"

Si Lamjed kanitazama. Nimemweleza Haji kwamba sasa ndiyo inafanya kazi kweli, kwamba hii ni sahihi zaidi. Haji kasema usahihi anaupata bure kinu cha ng'ambo ya barabara. Yeye kaja kwa ile yenye baraka. Kauliza kama imezimwa.

Watu wote uani wamenitazama. Skander kasema kwa sauti tamu, "Jana umeme ulikatika, Haji. Ilizimwa." Haji kashika kichwa. "Mmeiua!" Kawaambia madereva wake wageuze matrekta. Si Lamjed rangi yote imemtoka. Skander katoa futi.

Waya ulifanya kazi! Nina uhakika. Kila namba ilikuwa kweli. Nimefikiri kwa haraka lakini kwa utaratibu. Nimesema, "Haji, inahitaji tu kupashwa moto kidogo, tangu jana ina baridi." Nimeingia ndani. Nimeuchomoa waya. Huo huo, wa mstari wangu. Nimeuficha chini ya zulia. Nimemkimbilia Latifa chumba cha chupa.

Latifa hakuacha nyundo yake. Kasema, "Makrudhi hazijafika, shoga." Nimesema masanduku mawili. Kasema hapana. Nimesema kumi. Kacheka. Kasema nyuma ya ukuta wa jiko hasimami tena, mifupa yake si ya serikali. Anakadiria dirishani tu, ambako anaona lango vizuri. Kwenye kiti. Karibu na hita.

"Mpaka Haji aondoke," nimesema.

"Mpaka msimu uishe. Au nimweleze Si Lamjed mashine yako inavaa ushungi."

Matrekta yalikuwa yanaunguruma. La kwanza lilishageuza pua.

Basi Latifa kakaa. Kautazama mzigo wa tela la pili kupitia kioo, kafumba jicho moja kama baba yake, kachapa kwa kidole kimoja, risiti imetoka dereva akiwa bado anabadili gia. Haji kaenda nayo mizanini. Kasoma namba nyekundu. Karudi na machozi. Kambusu Si Lamjed kichwani! Kasema mwakani ataleta na zeituni za ndugu zake wote.

Skander kairudisha futi mfukoni. Kamwuliza mjomba wake binti huyu wa kwenye kiti ni nani. Si Lamjed kasema, kwa furaha, kwamba inaelekea mashine imemzoea Latifa kuliko mimi, na kwamba si vizuri kuibadilishia mtu katikati ya msimu. Kanishika bega. "Hayet binti yangu, umeitengeneza, Mungu akulipe. Kuanzia leo kasaidie kwenye chupa, wako pungufu mtu mmoja."

Mchana wote nimegonga vizibo. Vidole viwili vimeshapasuka.

Mama kauliza kazi ya kompyuta iliendaje mbele ya Haji. Nimesema Haji kalia. Kafurahi, kaenda kwa majirani.

Jumapili, 24 Novemba

Mawingu asubuhi, mchana vuguvugu. Kinu kimefungwa. Nimekaa na karatasi, nimefikiri upya tangu mwanzo, bila hasira.

Kosa langu nimeliona. Nilimsikiliza mtu wa Oran. Moduli moja! Kifungo kimoja! Mashine iliyotiwa kiraka haiwezi kukadiria, ni wazi. Kama ningejenga kiini kizima, chote, kwa mikono yangu, kingejifunza mengine yote pia, hata kutazama langoni. Nimemwandikia Abu Nesrine kumwuliza kama kuna moduli ya kukadiria zeituni. Kajibu, "Ndugu mhandisi, umeizima na kuiwasha?" Sijamjibu. Nimemfuta kwenye marafiki.

Mpango wa wiki: kununua diski kubwa. Kujenga kiini kizima upya. Kumtoa Latifa kitini kabla ya mavuno kwisha.

Jioni nimepita kinuni nikijifanya nimesahau kiatu. Mashine ilikuwa inawaka peke yake gizani. Pembeni mwa skrini imeandika kwamba kuna kiini kipya tena kimeshushwa, na inaomba kuzimwa na kuwashwa. Nimesoma mara mbili. Kisha nimetoa selotepu mfukoni na kuibandika juu ya swichi, safu tatu safari hii.

Nimelala saa nane kasoro robo usiku.